Mbuzi Asiyevunjwa Mfupa

Gunia la mifupa lilikuwa limewekwa juu ya meza ya Sajini Nehemiah Khavere, palepale anapoweka kikombe chake cha chai, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Alisimama mlangoni akalitazama. Ofisi ya upelelezi ya Nyeri ilikuwa na meza nyingine mbili tupu, lakini gunia lilikuwa limeona haki likae kwake.

"Ni eksibiti ya korti, Afande," alisema Simeon, karani, bila kuinua macho kwenye taipureta. Simeon alikuwa mtu wa Kianyaga, nadhifu kupita kiasi, mwenye kola iliyopigwa pasi hata katika manyunyu ya Julai. "Mbuzi mzima. Hakuna mfupa hata moja imevunjwa. Ni kesi ya ule fundi wa viatu wa Majengo, Gicheru."

"Kesi gani?"

"Ya kuapisha. Faili iko chini ya gunia."

Khavere aliliinua gunia kwa vidole viwili akaliweka sakafuni. Mwaka ule wa 1954 neno kuapisha halikuhitaji maelezo katika mji wa Nyeri. Aliyekula kiapo cha watu wa msituni alipelekwa kambini. Aliyewalisha wenzake alipelekwa kwenye kitanzi. Khavere mwenyewe, Mmaragoli wa kanisa la Marafiki, hakuwahi kuapa maishani mwake, hata mahakamani, kwa kuwa Marafiki husema ndiyo yao ni ndiyo, basi. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba serikali imempa kazi ya kuwinda viapo mtu asiyejua kiapo kinafananaje.

Alisoma faili. Ilikuwa fupi na safi. Ndungu, mlinzi wa ngome, mmoja wa wale walioitwa homugadi, alisema kwamba siku ya soko jioni Gicheru alichinja mbuzi nyuma ya nyumba yake, yakasomwa maneno ya lugha ngeni, watu wakayaitikia, mifupa haikuvunjwa, nywele zikanyolewa, vyote vikazikwa. Theuri, mfanyabiashara wa ngozi, alisema vilevile. Wangechi, mwuza viazi, alisema vilevile.

"Mashahidi watatu, maneno ni moja," alisema Simeon kwa fahari. "Bwana Inspekta amefurahi sana. Anataka Afande upitie tu, uweke sahihi. Jumatatu asubuhi inaenda kortini. Na wahenga walisema, lisemwalo lipo."

"Walimaliza aje?"

"Kama halipo laja."

"Basi nipatie hii wikendi nijue kama lipo ama liko njiani."

Kilichomkera Khavere ni huo umoja wenyewe. Katika kazi yake, watu watatu wakiona baiskeli imegonga kuku, mmoja ataapa kuku alikuwa mweupe, wa pili atasema alikuwa bata, na wa tatu atamlaumu mwenye kuku. Hawa watatu walikuwa wameona vitu vilevile, kwa mpangilio uleule, hadi nywele. Na jambo jingine, ambalo halimo katika sheria yoyote: alimpenda Gicheru. Buti alizovaa zilishonwa na mikono ile.

Alimkuta mahabusu, ameketi sakafuni pekupeku. Alikuwa Mgikuyu aliyesilimu miaka kadhaa nyuma, mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana na mabega hayo.

"Gicheru, ulichinja mbuzi?"

"Nilichinja."

"Ya nini?"

Kimya.

"Wale watu walikuwa wanaitikia nini?"

"Amina."

"Amina ya nini?"

Khavere alichuchumaa wakawa uso kwa uso. "Bibi yako yuko wapi?"

"Wachuka yuko Gatura, kwa mamake," alisema Gicheru upesi mno.

Hilo lilikuwa sawa kwa sheria. Wanawake wa Kigikuyu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya vilivyozungushiwa handaki, na Wachuka alitakiwa kuwa kile cha Gatura. Gicheru alibaki mjini kwa pasi ya fundi, yaani kibali cha serikali. Mwanamke aliyekutwa mjini bila pasi alipakiwa kwenye lori na kupelekwa kizuizini.

"Hii kimya yako itakunyonga. Unajua?"

"Najua, Sajini." Gicheru aliinua macho. "Huko Majengo kuna baridi?"

"Baridi?"

"Usiku. Siku hizi kuna baridi sana?"

Khavere alimjibu kwamba Julai ni Julai, kisha akatoka akijiuliza ni mtu gani anayekabiliwa na kitanzi akauliza hali ya hewa.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja Majengo, nyumba ya pili nyuma ya msikiti, kwa Maalim Farajala. Angekwenda hata bila kesi. Ijumaa ilikuwa siku yake ya kula mahamri ya Bi Zamzam, mke wa Maalim, na kusomewa tarikh, yaani habari za kale za makhalifa na magavana, kutoka vitabu ambavyo babu wa Maalim, askari Mnubi, alivibeba kutoka Sudani ndani ya mfuko wa risasi. Maalim alikuwa mzee mfupi, mwenye hasira za karibu, na aliwasema wanahistoria wa miaka mia sita iliyopita kana kwamba ni majirani waliomwibia kuku.

Bi Zamzam alikuwa uani akianua nepi kutoka kwenye kamba kabla manyunyu hayajaanza. Wajukuu wake walikuwa vijana wenye ndevu. Khavere alidhani labda kuna mgeni, akamwamkia, akaingia.

"Maalim, Gicheru alichinja mbuzi ya nini?"

"Sikwambii."

"Lakini unajua."

"Najua, na nimetoa ahadi. Wewe mtu wa Marafiki, ahadi ya mtu asiyeapa unaielewa kuliko mimi."

"Atanyongwa."

Maalim alimimina chai mpaka ikafurika kwenye sahani. Gicheru alikuwa mwanafunzi wake aliyempenda kuliko wote, ingawa matamshi yake ya Kiarabu yalimfanya Maalim ajishike kichwa kila jioni. "Kama Jumatatu itafika hujapata jawabu," alisema polepole, "nitakuja ofisini kwako mwenyewe nivunje ahadi yangu. Lakini nikisema mimi, kuna mwingine ataumia. Ukifika mwenyewe, utajua namna ya kulibeba jambo hili lisimwangukie mtu. Kwa hiyo keti. Kula. Leo tunasoma."

Alishusha vitabu viwili. Kimoja kilikuwa kinene, kimeandikwa kwa mkono, kurasa zimekuwa na rangi ya chai. Cha pili kilikuwa chembamba, cha kupigwa chapa.

"Habari ni ileile moja," alisema Maalim. "Kifo cha gavana fulani wa Basra. Huyu mwembamba anasema, sikiliza: 'Wengi wamesimulia kwamba gavana alilishwa sumu na mkewe.' Wengi! Ukisoma hivi utafanyaje?"

"Nitamkamata mke."

"Utamkamata mke! Askari kamili wewe. Sasa njoo kwa huyu mnene." Alipapasa ukurasa kwa kidole. "Huyu hasemi wengi. Anasema: amenisimulia fulani, aliyesimuliwa na fulani, aliyesimuliwa na fulani. Mtu kwa mtu, mpaka mdomo wa kwanza. Hao wa zamani walijua kwamba habari haina miguu, hubebwa. Kwanza wakuoneshe wabebaji, ndipo wakupe mzigo. Na kila mbebaji wamemchunguza: huyu mkweli, huyu msahaulifu, huyu anapenda kuchekesha watu. Basi ufuate minyororo yote mitatu ya sumu hii uone inaishia wapi."

"Wapi?"

"Kwa muuza fagio mmoja wa mji wa Kufa!" Maalim alipiga goti lake kwa ghadhabu. "Mtu ambaye Basra kwenyewe hakuwahi kufika! Watu watatu, kisima kimoja. Na huyu mfupishaji, Mungu amrehemu, akaikata minyororo yote ili kitabu kisomeke vizuri. Akatuachia neno wengi."

Chumba cha ndani mtoto mchanga alilia. Maalim alipandisha sauti ya kusoma kama anayeadhini, mpaka kilio kikanyamaza. Khavere alikuwa na andazi mkononi, amelisahau nusu ya njia ya kwenda mdomoni.

"Maalim, na huyo mfupishaji, alikuwa mwongo?"

"Hata kidogo! Mtu mwema, mcha Mungu, mwandiko mzuri. Nadhifu sana. Alitaka tu kurahisisha."

"Nadhifu," alirudia Khavere, na mbele ya macho yake ikaja kola iliyopigwa pasi.

Aliaga huku Maalim akimpigia kelele kwamba bado hajasikia mwisho. "Mwisho wa huyu mnene ni upi basi?" aliuliza Khavere mlangoni.

"Ameweka habari zote, kila moja na wabebaji wake, kisha akaandika: na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Si neno la woga hilo, Sajini. Ni la mtu aliyefika mwisho wa anachokijua, akasimama hapo."

Jumamosi asubuhi Khavere alimkuta Simeon akifuta vumbi kwenye taipureta yake.

"Ndungu alisema maneno gani? Sitaki ile umepiga. Nataka ile ilitoka kwa mdomo."

"Afande, alisema mengi."

"Niambie hayo mengi."

Simeon alifumba macho. Alikuwa na kichwa kizuri kisichosahau. "Alisema, 'Mimi nilisikia kwa Theuri ati siku ya soko Gicheru alichinja mbuzi...'"

"Na wewe ukaandika?"

"'Gicheru alichinja mbuzi.' Bwana Inspekta anataka fupi. Akiona ati nyingi anachoka. Nilitoa maganda tu, Afande."

"Ulitoa maganda na ndizi."

Simeon alifumbua macho. Ilimchukua muda mfupi kuona alichokifanya, na alipokiona alishika meza. "Wote watatu nimeandika hivyo," alisema. "Mungu wangu. Nilitaka tu iwe safi. Huyo mtu anaweza kunyongwa na usafi yangu."

Khavere hakumkaripia. Alimwekea mkono begani. "Hajanyongwa bado. Chukua koti. Leo tunarudisha maganda, moja moja, na kila mtu ataulizwa swali moja tu."

Ndungu walimkuta kwenye ngome akinoa panga. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kupenda kupiga saluti.

"Ndungu, nani alikuambia?"

"Ya mbuzi? Ni Theuri."

"Wewe uliona?"

"Mimi? Mimi nilichimba tu hiyo mifupa, Afande, na nilipiga magoti mpaka nguo ikaharibika. Kuona sikuona. Kwani nani amesema niliona?"

Simeon alitazama viatu vyake.

Theuri ndiye ambaye Khavere alimtilia shaka zaidi. Mji mzima ulijua kwamba Gicheru alikuwa amemkatalia ngozi zake mbele ya watu, akasema zinanuka hata kabla hazijafika. Mtu aliyefedheheshwa sokoni anaweza kumtungia mwenzake kiapo. Walimsubiri hadi aliporudi kutoka mji wa Kutus na mzigo wake, naye alipoulizwa kama ana chuki na Gicheru alitupa ngozi chini.

"Nimchukie Gicheru? Ni yeye alinifunza kukausha ngozi! Ati chuki! Mimi niliposikia kuna mbuzi imechinjwa, nilienda kwake mbio nikamwuliza, ngozi iko wapi? Akaniambia amepatia masikini. Nikamwambia Ndungu, angalia huyu mtu, anapatia masikini ngozi na mimi niko hapa."

Khavere aliona shaka yake ikianguka chini pamoja na zile ngozi. Anayetunga hila haendi kuomba ngozi. Na anayelisha watu kiapo hagawi ngozi ya mbuzi wa kiapo hadharani.

"Nani alikuambia kuna mbuzi?"

"Wangechi wa viazi."

Wangechi alikuwa sokoni, nyuma ya viazi vyake, mama wa makamo mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Alijibu kabla swali halijaisha.

"Ni Murugi, mamake Wachuka. Tunachota maji pamoja huko Gatura. Alikuwa na pasi ya soko hiyo siku, akapitia Majengo, akaona yote. Ati mkwe wangu amechinja, ati mfupa hata moja haikuguswa na panga, ati mzee wa msikiti anasoma, wanaitikia, ati nywele zinanyolewa!"

"Alipokuambia, alikuwa ameogopa?"

"Kuogopa? Alikuwa anacheka peke yake! Mpaka nikamwuliza, Murugi, umeota meno mapya?"

Hapo Khavere alisimama. Kwa hiyo mashahidi watatu walikuwa mmoja, na mmoja mwenyewe alikuwa mama mkwe wa mshtakiwa, na alikuwa akicheka. Walirudi ofisini, akafungua gunia ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifikia chini. Chini ya mifupa palikuwa na fundo la kitambaa cheupe lililochafuka udongo. Alilifungua. Nywele zilikuwa chache, nyembamba, laini kama za mahindi machanga. Khavere na mkewe Tryphosa walikuwa wamelea watoto watatu.

"Simeon, shika."

Simeon alizigusa. "Afande, hii si nywele ya mtu mzima."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Khavere alikuwa ameambiwa tangu Ijumaa na bado hakutazama: nepi kwenye kamba, kilio chumba cha ndani, na baba aliyeuliza kama Majengo kuna baridi. Alijicheka, kisha akaacha kucheka kwa sababu alielewa Gicheru alikuwa amenyamazia nini.

Jumapili alikwenda Gatura. Alimwacha Simeon langoni, kwenye daraja la handaki. Murugi alikuwa mlangoni kwake akimenya viazi, mama mwembamba mwenye shuka begani, na mjukuu wa kike wa kama miaka minne akicheza na maganda. Alipoona sare alisimama.

"Wachuka amelala. Ni mgonjwa," alisema kabla ya salamu.

"Hata sijauliza Wachuka, mama. Na sitauliza." Khavere aliketi kwenye gogo, akafungua kitambaa juu ya goti lake. Murugi aliziona nywele. Mkono wake ulikwenda wenyewe ukazifunika, upepo usizichukue.

"Mama, ni wewe ulimwambia Wangechi habari ya mbuzi?"

"Ni mimi."

"Na mtoto ulimwacha wapi katika hiyo habari?"

Murugi aliketi. Machozi yalikuja, na katikati ya machozi tabasamu lilikuja pia, hakuweza kulizuia. "Wamemwita Murugi," alisema. "Wewe si Mgikuyu, hujui. Mtoto akipewa jina yako, ni wewe umezaliwa. Huyu mkubwa hapa alipewa jina ya mamake Gicheru. Huyu wa pili ni mimi. Nimezaliwa, Sajini! Wakasoma, wakanyoa nywele, ati mifupa ya mbuzi ya mtoto haivunjwi ndiyo naye akue bila kuvunjika. Na mimi nasimama hapo, na siwezi kuambia mtu. Nikisema mtoto wataniuliza, mamake yuko wapi? Furaha imenijaa mpaka hapa." Akajishika koo. "Basi nikasema mbuzi tu. Nikatoa mtoto, nikaacha mbuzi."

"Mbuzi bila mtoto ilitembea vibaya, mama."

"Kumbe ni mdomo yangu inamnyonga?"

Khavere alitamani awe na jibu jingine. Alichukua kiazi kilichomwanguka, akamrudishia. "Mdomo yako ilianza, na itamaliza. Niambie tena, na mtoto ndani. Nitaandika vile unasema, na jina yako."

"Andika. Sema ni Murugi amesema. Lakini Wachuka..."

"Usiniambie yuko wapi. Mimi ni mtu nikiulizwa kitu najua, nasema."

Jioni ile, jua halijazama bado, alibisha kwa Maalim. Mzee alimtazama usoni mara moja, akapumua kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

"Umefika kwenye mdomo wa kwanza."

"Nimefika. Lakini siwezi kuandika mtoto wa kusikia, Maalim. Huyu lazima nimwone kwa macho yangu. Na nione yeye peke yake."

Maalim alielewa. Pazia la chumba cha ndani lilisogea, Bi Zamzam akatoka na mtoto, na nyuma yake mkono mmoja wa mwanamke ulijitokeza, ukamrekebishia mtoto kofia ya sufu, ukarudi ndani. Khavere alikuwa ametazama dari. Alipompokea mtoto alikuta kichwa kilichonyolewa kimeanza kuota tena, na ngumi ndogo iliyokamata kifungo cha sare yake ikakataa kukiachia. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko upelelezi ulivyohitaji.

Kisha akasema kwa sauti, akiliambia pazia, "Mke wangu Tryphosa anafanya kazi kliniki ya watoto. Mama akileta mtoto wa kupimwa, anaandikiwa pasi. Kliniki haiulizi mtu amelala wapi jana."

Nyuma ya pazia mtu alikuwa analia polepole.

"Sasa na wewe ni mbebaji," alisema Maalim, akijifanya mkali ili asilie naye. "Nitakuingiza kitabuni. Nehemiah mwana wa Khavere: mkweli, mwenye kuhifadhi, ila mbele ya mahamri haaminiki."

Jumatatu asubuhi Bwana Inspekta, Mzungu mrefu mwenye mafua, alisimama na faili mkononi. Ilikuwa imenenepa.

"Sajini, hii nini? Ijumaa ilikuwa fupi. Sasa mimi soma: Ndungu anasema Theuri anasema Wangechi anasema. Ati, ati, ati."

"Ndiyo, Bwana. Ndivyo walisema."

Simeon, kwenye taipureta, alikohoa. "Mimi ndiye nilikata, Bwana. Ilikuwa makosa yangu."

Inspekta alisoma hadi mwisho, akafuta pua. "Kwa hiyo hapana mashahidi tatu. Ni mama mzee moja, na yeye hapana ona kiapo. Yeye ona karamu ya mtoto."

"Ndiyo, Bwana. Na mtoto nimemwona mwenyewe. Nimemshika."

"Mama ya mtoto wapi?"

Taipureta ilinyamaza. Khavere alisimama wima. Alikuwa hajawahi kusema uongo katika ofisi ile, wala hakukusudia kuanza.

"Mama sijamwona, Bwana. Mungu ndiye ajuaye zaidi."

Inspekta alimtazama. Alikuwa na mafua, hakuwa mjinga. Aliangalia faili, akaangalia tena Sajini wake asiyeapa, halafu macho yakashuka hadi kwenye gunia sakafuni, ambalo kwa siku tatu lilikuwa limeanza kujieleza.

"Hapana mtu ameona, hapana kesi," alisema, akachukua kalamu. "Na ondoa hii mbuzi. Inanuka."

Gicheru alitolewa saa nne. Alirudishiwa viatu, akaketi kwenye ngazi kufunga kamba, na vidole vilivyoshona nusu ya viatu vya Nyeri vikashindwa na fundo. Khavere alimwekea gunia kando.

"Zizike tena. Zote ziko, na nywele pia. Hakuna iliyovunjika."

Gicheru alitikisa kichwa kukubali. Hakuuliza walichopata wala nani alisema. Alisimama, akaweka gunia begani, akaanza kuelekea langoni akiwa bado analinda kimya chake, kwa kuwa hakujua kama bado kinahitajika.

"Gicheru!"

Aligeuka.

"Ijumaa uliniuliza kitu, nikakujibu ovyo. Majengo hakuna baridi. Nimeenda nikaona mwenyewe. Amefunikwa vizuri, na kofia ya sufu."

Mtu ambaye hakuwa ametoa chozi mbele ya kitanzi alilikumbatia gunia lile la mifupa kifuani, akalia mbele ya askari wote, bila kuona haya.

"Amina," alisema.